Mnanaha: Ua la Jaani, Dawa ya Hospitali, Sumu ya Ungani

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi kwa barabara, akisha kuvuka Mto Rufiji, hufika Somanga, kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoko kando ya bahari katika Wilaya ya Kilwa. Wengi hukijua kwa samaki wanaouzwa mahali mabasi yanaposimama, na kwa gesi asilia ambayo tangu mwaka 2004 hutoka kisiwa cha Songo Songo kwa bomba la chini ya bahari na kuingia bara katika eneo la Somanga Fungu. Mwaka 2024 jina la Somanga lilisikika tena nchini kote, pale mvua za Kimbunga Hidaya za mwezi Mei zilipoikata barabara kuu ya kusini katika eneo hilo.

Maji ya mafuriko yakisha kupungua na matingatinga yakisha kumaliza kazi, ardhi iliyofukuliwa haikai tupu. Magugu ndiyo ya kwanza kuirudia. Miongoni mwa magugu yanayopenda ardhi ya namna hiyo, yaani kingo za barabara, majaa, mahame na mazizi yaliyoachwa, upo mmea mmoja ambao pwani nzima ya Afrika Mashariki inaujua. Mchana ni gugu tu lenye majani mapana na harufu isiyopendeza. Jua likichwa, maua yake marefu mfano wa tarumbeta hufunguka, meupe au yenye rangi ya zambarau, na nondo wakubwa huja kufyonza asali yake. Waswahili huuita mnanaha, na wengine husema mranaha. Wanabotania huziita jamii zake kwa jina la Datura.

Mmea huu una sifa tatu ambazo ni vigumu kuziamini pamoja. Huweza kumfanya mtu azungumze na watu wasiokuwapo na aokote vitu visivyokuwapo. Kemikali iliyomo ndani yake imo pia katika kabati la dawa la hospitali, nayo huokoa maisha kila siku. Tena mbegu zake, zikichanganyika na nafaka, zimewahi kuwaua watu ambao hawakutaka ulevi wala dawa, bali walikuwa wakila uji. Makala haya yanaeleza jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa vyote vitatu, na kwa nini mwanafunzi na mwalimu wanapaswa kuufahamu mmea huu kabla haujawafikia jikoni.

Mmea na ndugu zake

Mnanaha ni wa ukoo mmoja na nyanya, biringanya, pilipili, viazi mviringo, mnavu na tumbaku. Ukoo huu umewapa wanadamu chakula kingi, lakini pia umejaa sumu. Katika pwani huonekana hasa jamii mbili. Ya kwanza ni Datura metel, ambayo watu wengine huipanda uani kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Tunda lake la mviringo huinama na lina vinundu vifupi, na mbegu zake ni za rangi ya kahawia hafifu. Ya pili ni Datura stramonium, yenye maua madogo zaidi na tunda lililosimama wima, lenye miiba mikali. Tunda hilo likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mamia ya mbegu nyeusi zenye umbo la figo, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 3 hivi.

Mbegu hizo zina subira ya ajabu. Katika jaribio lililoanzishwa Marekani mwaka 1902, mbegu za mimea mbalimbali zilifukiwa ardhini na kufukuliwa kidogo kidogo baada ya miaka mingi. Mbegu za mnanaha zilizokaa udongoni kwa zaidi ya miaka 30 ziliota karibu zote. Kwa hiyo mkulima anayeuacha mnanaha mmoja upasue matunda yake shambani leo huenda akawaachia wajukuu kazi ya palizi.

Hapa lipo onyo la lugha pia. Mnanaa, utiao harufu nzuri katika chai, ni mmea mwingine kabisa, hauna undugu wowote na mnanaha. Tofauti ya majina hayo mawili ni herufi moja tu. Anayemtuma mtoto kuchuma nanaa na amwoneshe jani lenyewe, asitegemee sikio.

Habari za kale

Watu wa pwani na wa bara walikuwa na elimu ya mmea huu kabla ya maabara kuuchunguza. Mwingereza Richard Burton, aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki kwenda Tanganyika mwaka 1857, aliutaja mmea huu katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwa jina lililo karibu sawa na mranaha, akaeleza kuwa watu huuvuta kwa maradhi ya kifua. Jambo hilo halikuwa la Afrika peke yake. Nchini India moshi wa mimea ya jamii ya datura ulikuwa tiba ya pumu, na mwanzoni mwa karne ya 19 desturi hiyo ilipelekwa Uingereza. Kwa zaidi ya miaka 100 baadaye maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza sigara za pumu zenye majani hayo.

Sehemu nyingine za Afrika mmea huu uliingia katika mambo ya jando na unyago. Mtaalamu Thomas Johnston alieleza katika jarida la kisayansi mwaka 1972 jinsi Watsonga wa kusini mwa Afrika walivyoutumia katika unyago wa wasichana, ili waone na kusikia yale ambayo wazee waliyaandaa. Inafaa kukumbuka kwamba matumizi hayo yalikuwa chini ya usimamizi wa wakubwa, kwa siku maalumu, na hata hivyo hayakukosa hatari.

Kisa maarufu kuliko vyote ni cha Jamestown, katika koloni la Virginia, Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1676 askari waliopelekwa huko kuzima uasi walichuma majani machanga ya mmea huu wakayapika kama mboga. Mwandishi Robert Beverley, aliyesimulia habari hiyo mwaka 1705, alisema kuwa askari hao walifanya mambo ya kipumbavu kwa muda wa siku 11, ikabidi wafungiwe wasije wakajidhuru, na walipopona hawakukumbuka lolote. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Waliosumbuliwa na mnanaha mara nyingi hawana simulizi ya kuleta, kwa sababu kemikali yake huizuia kumbukumbu yenyewe.

Kinachotendeka mwilini

Sumu ya mnanaha imo katika sehemu zote za mmea: mizizi, shina, majani, maua na hasa mbegu. Kemikali zake kuu ni haiosiamini na skopolamini. Haiosiamini ikitolewa katika mmea hubadilika kwa urahisi na kuwa atropini, jina ambalo wauguzi wote wanalijua. Ili kuelewa kazi ya kemikali hizi, yafaa kuanza na mioyo miwili ya vyura.

Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi, akiwa katika mji wa Graz nchini Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiweka katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Moyo wa kwanza ulikuwa bado na neva yake. Alipoisisimua neva hiyo kwa umeme, moyo ulipunguza kasi. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo wa kwanza akayatia kwenye wa pili, ambao haukuwa na neva. Moyo wa pili nao ukapunguza kasi. Maana yake ni kwamba neva haikuuamuru moyo kwa umeme peke yake. Ilimwaga kitu ndani ya maji. Kitu hicho baadaye kilitambuliwa kuwa kemikali iitwayo asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi huo.

Asetilikolini ni mjumbe. Hutoka kwenye ncha ya neva, huvuka uwazi mdogo mno, na kugonga mlango wa seli inayopokea amri. Kwa mjumbe huyo mate hutoka mdomoni, jasho hutoka ngozini, mboni ya jicho hujifinya mbele ya mwanga, utumbo husukuma chakula, kibofu hujikaza na moyo hutulia. Katika ubongo mjumbe huyohuyo husaidia umakini na kumbukumbu.

Atropini na skopolamini hazimuui mjumbe. Huketi mlangoni pake na kumzuia asiingie. Ni kama mtu aliyetia ufunguo usio wake katika kufuli: ufunguo umeingia lakini haugeuki, na mwenye nyumba akifika na ufunguo wake hawezi kuutia. Basi yote yanayoendeshwa na mjumbe hugeuka. Mate hukauka hata mtu asiweze kumeza. Jasho husita, na joto la mwili hupanda. Ngozi huwa kavu, ya moto na yenye wekundu. Mboni za macho hupanuka, na mwanga wa kawaida huumiza. Moyo huenda mbio. Mkojo hauteremki. Na katika ubongo, palipokuwa na umakini na kumbukumbu, huja vurugu.

Maruweruwe yasiyo na mlango wa kutokea

Wasomaji wengi wamesikia habari za mimea iletayo maruweruwe kwa njia ya dungusi la Meksiko liitwalo peyoti, mmea mdogo usio na miiba unaotumiwa katika ibada na baadhi ya wenyeji wa Meksiko na Marekani. Mwaka 1897 Mjerumani Arthur Heffter alijijaribia mwenyewe akathibitisha kuwa kemikali iitwayo meskalini ndiyo iletayo maono ya rangi na maumbo. Kwa kuwa mnanaha nao huleta maruweruwe, vijana wengine hudhani kuwa mimea hii miwili ni kitu kimoja kwa majina tofauti. Dhana hiyo ni ya hatari.

Meskalini hufanya kazi kwenye milango ya mjumbe mwingine wa ubongo, aitwaye serotonini. Mtu aliyeitumia, ingawa hakosi hatari, mara nyingi hujua kwamba anayoyaona yametokana na alichokila. Mnanaha haumwachii mtu ujuzi huo. Humtia katika hali ambayo madaktari huilinganisha na kuweweseka kwa mgonjwa mwenye homa kali. Huzungumza na jamaa aliye mbali au aliyekwisha kufa, tena hujibiwa. Huvuta nyuzi zisizokuwapo hewani. Huvua nguo kwa sababu ya joto. Hutoka akaelekea barabarani, kisimani au baharini bila kujua anakwenda wapi. Hali hiyo huanza kwa kawaida kati ya nusu saa na saa moja baada ya kula, na huweza kudumu siku moja au mbili; macho hukawia siku kadhaa zaidi kurudi katika hali yake. Vifo hutokana na joto la mwili kupita kiasi, degedege, moyo kwenda mrama, au ajali iliyompata mtu akiwa hajitambui.

Meskalini imo katika orodha kali kabisa ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu kemikali zinazoathiri akili. Mnanaha haumo katika mkataba huo. Asidhani mtu kwamba usiokatazwa ni salama. Sheria haziorodheshi kila sumu iotayo njiani.

Kipimo ndicho mpaka

Iweje basi kemikali ya namna hii ikae hospitalini? Jibu limo katika neno moja: kipimo. Moyo wa mgonjwa ukienda taratibu mno, daktari huweza kumchoma sindano ya atropini yenye miligramu moja hivi au pungufu. Daktari wa macho huidondosha jichoni ili mboni ipanuke, apate kutazama ndani. Skopolamini kwa kiasi kidogo kuliko hicho huzuia kichefuchefu cha safari.

Jani halina maandishi yanayoonesha miligramu. Minanaha miwili iliyoota jaa moja huweza kutofautiana mara kadhaa kwa nguvu ya sumu. Hata mmea mmoja hubadilika kwa umri, majira, udongo na mvua. Anayepima kwa idadi ya majani au kwa ukubwa wa kikombe hapimi chochote. Tena umbali kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni mfupi, na kwa mtoto ni mfupi zaidi.

Kazi kubwa ya atropini kwa nchi ya wakulima ni katika sumu ya viuatilifu. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu mashambani huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kumwondoa mjumbe asetilikolini akisha kutoa amri. Mjumbe asipoondolewa hujaa. Mkulima aliyepata sumu hiyo hutokwa na mate na machozi, mboni zake hufinyika kama ncha ya sindano, mapafu hujaa majimaji na moyo hulegea. Atropini ikiingia mwilini huziba milango, na mjumbe aliyezidi hukosa pa kugonga. Dozi hurudiwa mpaka mapafu yakauke. Hivyo kemikali ya mnanaha humwokoa mkulima aliyenyunyizia shamba bila kujikinga.

Ajabu ni kwamba njia hiyo hupitika pia kwa kurudi nyuma. Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, iko haragwe ambayo zamani watuhumiwa walilazimishwa kuila ili mwenye hatia ajulikane. Mwaka 1864 wakemia wa Kijerumani waliitoa kemikali yake, fisostigmini, ambayo humzidisha mjumbe asetilikolini mwilini. Mwaka huohuo daktari mmoja wa Prague aitwaye Kleinwächter aliutumia utomvu wa haragwe hiyo kuwatibu watu waliokunywa atropini. Tangu hapo fisostigmini imekuwa dawa ya kuondoa sumu ya mnanaha mahali inapopatikana na penye daktari wa kuisimamia. Sumu hizo mbili zilifundisha ulimwengu jinsi neva zinavyozungumza.

Pumu nayo imepata njia bora kuliko moshi. Wakemia waliibadili kidogo molekuli ya atropini wakapata ipratropiamu, ambayo ilianza kutumika katika miaka ya 1970. Molekuli hiyo ina chaji ya umeme, kwa hiyo haiwezi kupenya ukuta unaoukinga ubongo. Mgonjwa huivuta kwa kifaa, njia za hewa hufunguka, na akili yake hubaki timamu. Wazee waliovuta mranaha kwa maradhi ya kifua walikuwa wamegundua jambo la kweli. Kilichokosekana ni namna ya kulitenga jema na baya na kulipima.

Mbegu ndani ya unga

Habari za watu wanaotafuta ulevi huvuma, lakini katika Afrika Mashariki watu wengi wamedhurika na mnanaha kwa njia ya chakula. Mwaka 1991 jarida la tiba la kimataifa lilichapisha taarifa ya mlipuko wa sumu ya mnanaha katika chakula, ulioshughulikiwa katika Hospitali ya Serikali ya Usangi, milima ya Upare Kaskazini.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea Uganda mwaka 2019. Mwezi Machi, katika eneo la Karamoja, watu waliokula uji wa unga wa mahindi na soya uliogawiwa kama msaada wa lishe walianza kuchanganyikiwa. Unga huo ulikusudiwa hasa kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Watu karibu 300 waliugua na 5 walifariki. Shirika la Chakula Duniani lilisimamisha ugawaji wa unga huo. Sampuli zilipochunguzwa katika maabara mbalimbali zilionekana kuwa na atropini na skopolamini. Unga huo haukuwa umesagwa Uganda. Uliagizwa kutoka nje, na sumu iliingia kwa mbegu za mnanaha zilizochanganyika na soya. Gugu lililoota katika shamba la nchi moja liliua katika nchi nyingine.

Tangu msiba huo wataalamu wa kimataifa wamekaza masharti. Katika Umoja wa Ulaya chakula cha watoto wachanga chenye mtama, ulezi au mahindi hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya mikrogramu 1 ya atropini na mikrogramu 1 ya skopolamini katika kila kilo. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiwango hicho kinaonesha jinsi mbegu chache zinavyotosha kuharibu gunia zima. Kupika hakuondoi hatari hiyo, kwani joto la chungu haliivunji sumu yote.

Kwa pwani ya Lindi somo hili si la mbali. Huko hulimwa ufuta, mtama, mahindi na kunde, na mazao mengi huvunwa kwa mkono na kukaushwa chini au juu ya turubai. Mnanaha ukiachwa katikati ya mtama, huvunwa pamoja na mtama. Mbegu zake hazitofautiani sana kwa uzito na ukubwa na nafaka ndogo, kwa hiyo upepo wa ungo hauzitoi zote.

Mgonjwa si mwenye pepo

Mtu aliyekula mnanaha huonekana kama mwenye wazimu au aliyepandwa na pepo, na kwa sababu hiyo baadhi ya jamaa hupoteza saa nyingi wakitafuta wa kumpunga. Wengine hudhani ni malaria iliyopanda kichwani. Dalili za kuangalia ni hizi zikikutana pamoja: mboni pana zisizojifinya mbele ya mwanga, kinywa kikavu, ngozi ya moto isiyo na jasho, mapigo ya haraka, na kuweweseka. Watu kadhaa waliokula chungu kimoja wakishikwa kwa saa moja, yafaa chakula kishukiwe kabla ya kitu kingine.

Mgonjwa aondolewe mabaki mdomoni, awekwe mahali palipo baridi na patulivu, apozwe kwa kitambaa chenye maji, na asiachwe peke yake karibu na moto, kisima, barabara au maji. Asitapishwe kwa nguvu, wala asinyweshwe maziwa au mafuta, maana mtu asiyejitambua huweza kupaliwa akafa. Akilegea, alazwe ubavu. Apelekwe mara moja kwenye zahanati au kituo cha afya, pamoja na kipande cha mmea, au kiasi cha unga na uji uliobaki katika chombo kilichofungwa. Wote waliokula waende, hata wasioona dalili. Chakula kilichobaki kisitupwe wala kisipewe mifugo, kwani sampuli huweza kuhitajika katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Mhudumu akishaambiwa jina la mmea, hupata nusu ya tiba. Atajua kutoa mkaa wa dawa mapema, kumtoa mgonjwa mkojo uliozuilika, kupunguza joto na kutuliza fujo kwa dawa za jamii ya diazepamu. Atajua pia kuiepuka klopromazini, ambayo hutumiwa kuwatuliza wagonjwa wa akili, kwa sababu nayo huziba milango ileile iliyokwisha kuzibwa na mnanaha.

Kazi ya shule

Shule ina uwezo wa kuumaliza mnanaha katika eneo lake. Ung'olewe na mizizi yake kabla matunda hayajapasuka. Anayeung'oa avae glavu au mfuko mikononi, na asiguse macho; utomvu kidogo ukiingia jichoni hupanua mboni kwa siku kadhaa na kumtia mtu hofu. Matunda yaliyokauka yakusanywe katika mfuko na kufukiwa shimo refu, yasitupwe jaani yalikotoka.

Darasa la baiolojia huweza kufanya jaribio lisilo na sumu yoyote. Wanafunzi wachukue kilo moja ya mtama na kuchanganya humo mbegu 20 za rozela, ile iitwayo choya, ambazo ni nyeusi na zenye umbo la figo kama za mnanaha. Kundi moja lipepete kwa ungo peke yake. Kundi la pili lipepete, kisha lichambue kwa mkono juu ya kitambaa cheupe mahali penye mwanga. Kila kundi liandike muda lililotumia na idadi ya mbegu ambazo halikuzipata. Matokeo hayo, yakiandikwa ubaoni, yatawaeleza kwa nini bibi huketi kivulini saa nzima akichagua mtama kabla haujapelekwa kinuni au mashineni. Ile saa moja ya bibi ni kinga ya nyumba nzima.

Jioni maua ya mnanaha yatafunguka tena penye majaa ya pwani ya Kilwa, na nondo watakuja. Hakuna haja ya kuuogopa mmea huo kama jini, wala kuujaribu kama mchezo. Anayeufahamu huung'oa shambani na huutaja kwa jina mbele ya mganga wa zahanati.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mboni za mtu aliyekula mnanaha hupanuka, na za mtu aliyepata sumu ya viuatilifu hufinyika?

2. Moyo wa chura uliotiwa atropini ungefanyaje kama Loewi angeusisimua neva yake? Toeni sababu.

3. Ipratropiamu na atropini ni molekuli zinazofanana. Kwa nini moja haileti maruweruwe?

4. Taja hatua zote ambazo mbegu ya mnanaha huzipitia kutoka shambani hadi kwenye bakuli la uji, na uoneshe ni hatua zipi ingeweza kuzuiwa.